Vipimajoto vya dijitali: kipi kinapima, kipi kinapamba boksi

Tumbukiza ncha ya kipimajoto cha dijitali, kile cha umbo la kalamu, kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Namba zitapanda na kutulia baada ya sekunde kumi au zaidi kidogo. Kiweke kifaa hichohicho kwapani, na utasubiri dakika tatu, nne, pengine tano kabla namba haijafika mwisho wake. Ncha ni ileile, betri ni ileile. Linalochelewa ni kwapa: ngozi iliyokuwa wazi imepozwa na hewa na jasho, na hata mkono ukifungwa huchukua muda mpaka joto la ndani lifike juu ya ngozi.

Habari hiyo ndogo inatosha kupunguza uzito wa maandishi mengi ya kwenye boksi, kuanzia lile la "sekunde 10" linaloandikwa kwa wino mkubwa. Hapa tunavipitia vipimajoto vya homa vinavyouzwa kwa kawaida kwenye maduka ya dawa ya Afrika Mashariki: cha kalamu, cha kulenga paji la uso ambacho watu wanakiita bunduki, na cha sikio. Uamuzi tunautanguliza ili mwenye haraka aende zake: kwa nyumba nyingi, nunua cha kalamu chenye ncha laini na betri inayobadilishwa, na hela itakayobaki kwa kutonunua bunduki inunue cha pili kama hicho. Kazi ya hicho cha pili inaelezwa mbele.

Kikilia, kimesema nini?

Ndani ya ncha ya chuma mna thamista, kipande kidogo kinachopitisha umeme kwa urahisi zaidi kadiri kinavyopata joto. Chipu iliyo nyuma ya kioo hupima badiliko hilo tena na tena na kuligeuza kuwa nyuzi za sentigredi. Hakuna kitu kinachopanuka na kupanda kama zebaki.

Chipu hiyo haina njia ya kujua kama mwili umemaliza kuipasha ncha. Inachokiona ni kasi ya kupanda tu. Namba isipopanda hata kwa 0.1 katika muda uliowekwa kiwandani, tuseme sekunde 16, kifaa kinalia. Kwa hiyo mlio unasema "sasa sipandi tena", na wewe umeusikia kama "joto lake ni hili".

Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo inayozaa makosa mengi ya kipimajoto cha kalamu. Mtoto ananyoosha mkono kuchukua mwanasesere, kwapa linafunguka, hewa inaingia, namba inasimama, sekunde zinapita, kifaa kinalia: 36.6. Mzazi anashusha pumzi, na mtoto ana 38. Au ncha imeshika nguo badala ya ngozi. Au kwapa lina jasho, na jasho linapokauka linapoza ngozi palepale ilipo ncha. Kosa la kwapani karibu kila mara huenda upande mmoja, wa kushusha, na huo ndio upande mbaya kwa mwenye homa.

Namna ya kupima ni hii. Futa jasho kwa kitambaa kikavu, usisugue. Funga mkono wa mgonjwa ubavuni kwa dakika kama tano kabla hujaingiza kitu chochote, ili kwapa lipate joto lake. Washa kifaa, ingiza ncha katikati kabisa ya kwapa ikielekea juu, ncha yote iguse ngozi pande zote, kisha bana mkono kifuani. Kwa mtoto mdogo mpakate na umshikilie mkono mwenyewe. Kikilia kiache hapohapo mpaka dakika tano zitimie kwa saa ya ukutani. Vingi vinaendelea kupima baada ya mlio, na si ajabu kuona namba ikiongezeka.

Vingi pia hushikilia namba ya juu kabisa vilivyoifikia mpaka vizimwe. Ni jambo jema, maana unapata muda wa kukichomoa na kukisogeza kwenye mwanga bila namba kushuka. Lakini mtu akiishika ncha kwa vidole vyenye joto au ikigusa kikombe cha chai kabla ya kupima, namba hiyo ya uongo nayo inashikiliwa. Ukiona kioo kina namba kubwa kabla hujakiingiza popote, zima, subiri kidogo, washa tena.

Vile vya "sekunde 10" viko vya aina mbili. Kuna ambavyo ncha yake ni nyembamba kweli na inapata joto upesi. Hivyo ni vizuri, ila kumbuka kwamba kwapa halijaharakishwa na mtu yeyote. Na kuna vya kukadiria: chipu inaangalia namba inavyopanda mwanzoni, inapiga hesabu ya wapi itaishia, inakuonyesha jibu kabla ya kufika. Mdomoni, kwa mtu mzima aliyetulia, hesabu hiyo hutoka vizuri. Kwapani kwa mtoto anayejinyonganyonga, makadirio yanajengwa juu ya mwanzo uliovurugika. Kati ya kimoja kinachosema sekunde 60 na kingine kinachosema 10 kwa bei ya juu zaidi, tungechukua cha 60 bila kufikiri mara mbili. Zebaki, pamoja na sumu yake, ilikuwa na adabu moja: haikulia, kwa hiyo watu walisubiri.

(Zebaki yenyewe imeondolewa na mkataba wa Minamata, uliotiwa saini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Mwaka 2020 ndio uliwekwa kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuziana vipimajoto vya zebaki kati ya nchi zilizojiunga. Kama bado una kimoja kabatini, usikitupe jalalani; ulizia kituo cha afya kama wanapokea.)

Sekunde tatu za kuwasha

Hiki ndicho kipengele chenye manufaa kuliko vyote kwenye kifaa cha bei nafuu, na ni wachache wanaokitazama. Ukibonyeza kitufe, kioo kwanza huwasha vijistari vyake vyote kwa pamoja: 188.8 au 888.8, alama ya betri, alama ya kumbukumbu na herufi za vipimo. Kifaa kinakuomba ukikague. Namba 8 ina vijistari saba. Kikifa kile cha juu kulia, 8 inasomeka 6, na mtoto mwenye 38.4 anaonekana ana 36.4. Hakuna mlio utakaokuonya. Chipu yenyewe inajua ni 38.4, kioo ndicho kinachosema uongo. Ukiwa bado kaunta, mwombe muuzaji akiwashe na utazame hizo 8 moja moja.

Baada ya hapo huja kumbukumbu, yaani kipimo cha mwisho, kwa sekunde moja au mbili, mara nyingi pamoja na herufi M. Ni kitu kizuri kwa anayemuuguza mtu usiku: unapima saa nane, asubuhi unawasha na kuona ilikuwa ngapi. Lakini ni kipimo kimoja tu, na hakina saa. Wapo wanaoiona namba hiyo na kudhani ndiyo ya sasa. Mwambie bibi au dada wa kazi anayebaki na mtoto: namba inayotokea kabla ya kupima ni ya jana.

Mwisho kioo huonyesha "Lo", na alama ya °C inapepesa. Maana yake ncha iko chini ya nyuzi 32, kifaa kiko tayari. Hapa pana jambo linalowachanganya watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga kila kiangazi: "Lo" haitokei, badala yake unaona 32.7 au 33.1 kabla hujapima. Kifaa ni kizima. Chumba kina joto la zaidi ya nyuzi 32, nacho kinakuambia ukweli huo. Pima kama kawaida. Ila ikiwa kilikuwa ndani ya gari lililoegeshwa juani na sasa kinaonyesha "Hi", yaani zaidi ya 42.9 au 43, kiache kivulini mpaka kipoe. Kukiacha mara kwa mara kwenye joto la namna hiyo kunafupisha maisha ya kioo na betri pia.

Vya kulipia na vya kupuuza

Ncha laini, inayopinda, ina maana kwa mtoto na kwa kipimo cha njia ya haja kubwa, kwa sababu akijitikisa haimchomi. Udhaifu wake uko shingoni, pale mpira unapoungana na plastiki ngumu: ukiizoea kuikunja kama mchezo, waya wa ndani unakatika na kioo kinaanza kuonyesha "Err" au kurukaruka. Ncha ngumu hudumu zaidi na inamfaa mtu mzima.

Kustahimili maji kunasomwa kwenye herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. IP22 ni matone tu, basi. Unafuta kwa kitambaa chenye spiriti na kuishia hapo. IP27 ni kifaa kinachoweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, kwa hiyo unaweza kukiosha chote kwa sabuni na maji ya bomba. Boksi likisema "waterproof" bila herufi hizo, chukulia kwamba ni ncha tu. Nyumba yenye watoto ilipie IP27.

Betri. Vingi vinatumia LR41, betri ya saa yenye upana wa milimita 7.9, fundi saa mwingine ataijua kwa jina la AG3 au 192, ni hiyohiyo. Angalia kama nyuma kuna mlango wa kuvuta au skrubu. Vipo vilivyozibwa kabisa, betri ikiisha unatupa kifaa kizima. Kwa bei sawa hakuna sababu ya kununua hicho. Alama ya betri ikianza kuwaka, badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu homa huchagua saa tisa za usiku. Betri kuukuu isiachwe mezani: ikimezwa na mtoto inaunguza koo, ni dharura ya kwenda hospitali hata kama mtoto anacheka.

Kujizima baada ya dakika kumi hivi kipo karibu kwenye vyote, si cha kujivunia. Kengele ya homa, ile inayolia harakaharaka joto linapopita 37.8 au kiwango kingine kilichochaguliwa na kiwanda, inapendeza lakini inaharibu akili: watu wanazoea kuamini kwamba isipolia haraka hakuna homa, ilhali 37.6 ya kwapani tayari ni homa. Soma namba. Sauti yenyewe ni ndogo katika aina nyingi na kifaa kikifunikwa na blanketi huisikii, sababu nyingine ya kutumia saa ya ukutani.

Kubadilisha sentigredi kuwa farenihaiti kunahitajika kwa aliyetumiwa kifaa na ndugu aliyeko Marekani, ambako homa inasomwa 100.4 nasi tunasema 38. Kwa wengine ni mtego: kitufe kikishikiliwa kwa sekunde chache kifaa kinabadilika, na asubuhi mtu anaona 98.6 na kupagawa. Hiyo ni 37 kamili. Shikilia kitufe tena kirudi.

Taa ya nyuma ya kioo tungeilipia. Simu na Bluetooth hatungevilipia.

Desimali mbili, kwa mfano 36.55, ni za kifaa cha kina mama wanaofuatilia siku za kupevuka kwa yai, ambapo joto la asubuhi linapanda kwa kiasi kidogo, kati ya 0.2 na 0.5. Kipimajoto cha homa cha desimali moja ni hafifu kwa kazi hiyo, na cha desimali mbili hakikuongezei kitu kwenye malaria au mafua.

Bunduki

Watu wengi waliijua mwaka 2020 milangoni mwa benki na maduka makubwa, na waliijua vibaya. Walinzi waliielekeza kwenye viganja na vifundo vya mikono, ikasoma 34 na kitu, watu wakapita. Mtu mwenye nyuzi 34 za kweli hatembei kwenda kuchukua pesa, yuko hatarini. Kilichopimwa kilikuwa ngozi ya mkono, ambayo hupoa na kupata joto kwa upepo, jua na bodaboda.

Kwanza tuondoe hofu: kifaa hiki hakipeleki miale kichwani. Kinapokea joto ambalo ngozi yenyewe inalitoa, kupitia kijilenzi cha mbele. Zile zenye nukta nyekundu ya leza ndizo za kuangalia, na hizo zina tatizo lingine zaidi ya macho: mara nyingi ni za viwandani. Bunduki ya fundi wa friji inapima kuanzia chini ya sifuri mpaka mamia ya nyuzi, na kosa lake linaloruhusiwa ni kama nyuzi 1.5 juu au chini. Kwa oveni ni sawa. Kwa mtoto, 38.5 inaweza kusomeka 37. Ukiona kwenye boksi kiwango cha −50 mpaka 380, rudisha rafuni. Cha mwili kinaanzia 32 au karibu na hapo, kinaishia 42 au 43, na kinaahidi kosa la 0.2 au 0.3.

Hata cha mwili kina hali mbili, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Hali ya mwili inachukua joto la paji la uso na kuongeza kiasi fulani kwa hesabu, ili ikupe namba inayofanana na ya mdomoni. Hali ya vitu inakupa joto la uso wa kitu bila nyongeza: maji ya kuogea, chupa ya maziwa, ukuta. Paji la uso la mtu mzima asiyeumwa likipimwa kwa hali ya vitu linatoa 33 mpaka 35. Kitufe kimoja kikiguswa kwa bahati mbaya, nyumba nzima inaonekana imepoa. Tafuta kijialama cha mtu au cha kikombe kwenye kioo kabla ya kufyatua.

Umbali ni ule uliotajwa kwenye karatasi yake, mara nyingi sentimita 3 mpaka 5, na si ule ulioona jirani akitumia. Ukisogea mbali, lenzi inaanza kuona nywele, kilemba na hewa. Paji liwe kavu, bila mafuta. Mwenye kofia, mtandio au hijabu iliyobana paji asubiri dakika kadhaa baada ya kuisogeza, la sivyo namba itapanda. Aliyetoka juani vivyo hivyo. Aliyekaa chini ya feni atasomeka chini. Kifaa chenyewe nacho kinahitaji kuzoea: ukikitoa kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kukitumia barazani papo hapo, kinakosea. Kipe dakika 10 mpaka 30. Chumba kikiwa na zaidi ya nyuzi 40 usikitumie kabisa.

Lenzi ikiwa na vumbi au mafuta ya kidole, namba zinashuka. Isafishe kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, iache ikauke yenyewe, usiipulize kwa mdomo.

Sifa yake ya kweli ni kwamba haimwamshi mtoto. Anayetaka kumwangalia mara kwa mara usiku bila kumvua nguo ana haki ya kuinunua. Tungeitumia kama mlinzi wa mlangoni: ikisema kuna kitu, kalamu ndiyo inayothibitisha. Nyumba yenye bunduki peke yake haina kipimajoto cha kuaminika.

Sikio

Kipimajoto cha sikio nacho kinapokea joto kama bunduki, ila kinalenga ngoma ya sikio, iliyo karibu na damu inayokwenda kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili. Kwa hiyo kikilengwa sawasawa kinafuata joto la ndani vizuri kuliko paji la uso. Shida iko kwenye kulenga. Mfereji wa sikio umepinda. Ukiingiza bila kuunyoosha unapima ukuta wake. Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, kwa mtoto wa chini ya mwaka livute nyuma tu. Chini ya miezi sita usikitumie, mfereji ni mdogo mno. Nta nyingi inashusha namba. Sikio lililolaliwa kwenye mto linaipandisha. Chagua sikio moja na ubaki nalo, maana mawili hayalingani.

Kinachotufanya tusite ni vifuniko. Aina nyingi zinataka kifuniko kipya kila unapopima. Braun ThermoScan, kwa mfano, hutumia vile vya LF40. Kifaa kimerekebishwa kikiwa na kifuniko, kwa hiyo ukipima bila nacho, au ukirudia kilichochafuka, hesabu haikai. Kabla ya kulipia uliza kama duka hilohilo linauza vifuniko. Kama jibu ni "tutaagiza", acha.

Namba na kwapa lake

Namba bila mahali ilipopimwa haina maana. Kwapani husoma pungufu kwa takriban nusu nyuzi ukilinganisha na njia ya haja kubwa, na mdomo uko katikati. Miongozo ya WHO ya kuhudumia watoto wagonjwa inahesabu homa kuanzia 37.5 kwapani, kwa njia ya haja kubwa ni 38. Usiongeze nusu nyuzi kichwani halafu umwambie daktari jumla. Mwambie "37.8 kwapani, saa mbili usiku, kabla ya parasetamoli", naye atajua la kufanya nayo.

Mdomoni, ncha inakaa chini ya ulimi, nyuma kabisa pembeni, midomo imefungwa, na si baada ya chai ya moto au maji ya baridi. Subiri nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka minne au mitano asipimwe mdomoni, atang'ata. Kwa njia ya haja kubwa paka jeli, ingiza sentimita 1.5 mpaka 2.5 tu, usilazimishe, na kifaa hicho kisiwahi kurudi mdomoni mwa mtu. Kibandike plasta yenye alama.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili angalia pande zote mbili. Kwapani 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Joto la chini kwa mtoto mchanga ni dalili ya hatari kama homa yenyewe, na watu wengi wanaliona 35.2 na kufikiri betri imeisha. Rudia mara moja kwa uangalifu, ukiwa umemfunika vizuri. Likirudi lilelile, mbebe kifua kwa kifua uondoke.

Na kipimajoto hakijui malaria. 39.5 inaweza kuwa mafua, 37.7 inaweza kuwa malaria. Damu ndiyo inayojibu.

Kukikagua nyumbani

Mbinu ya barafu, inayofaa kipimajoto cha jikoni, haifanyi kazi hapa. Ncha ikiwa kwenye sifuri utaona "Lo" tu. Hapa ndipo cha pili kinapofanya kazi. Changanya maji ya moto na baridi kwenye jagi la lita moja mpaka yafike kati ya 37 na 39, yakoroge vizuri. Zamisha ncha mbili kwa pamoja, zikigusana, maji yasifike kwenye kioo. Baada ya dakika moja soma zote mbili. Vipimajoto vizuri vya kalamu vinaahidi kosa la 0.1 kati ya 35 na 42, kwa hiyo wawili waaminifu hawawezi kupishana kwa zaidi ya 0.2. Wakipishana kwa 0.4, mmoja amechoka. Cha tatu, cha jirani au cha duka la dawa, kitaamua nani. Vile vya kukadiria usivikague kwa maji. Hesabu yao imetungwa kwa mwili unaopasha polepole, na maji yanapasha ghafla, kwa hiyo vinaruka juu bila kuwa na hitilafu.

Kwenye boksi tafuta alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, ikifuatwa na tarakimu nne. Tarakimu hizo ni za taasisi iliyomkagua mtengenezaji, na kifaa cha kupima mwili kinatakiwa kuwa nazo. CE tupu ni kujisifu mwenyewe. Tafuta pia tarehe, namba ya toleo, na karatasi inayotaja kiwango cha makosa. Tanzania vifaa hivi viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya chini ya Pharmacy and Poisons Board, na duka la dawa lililosajiliwa litakupa risiti. Mchuuzi wa stendi anaweza kuwa na kifaa kilekile kwa bei ndogo, lakini kikipishana kwa 0.4 hutampata.

Kusafisha: pamba yenye spiriti ya asilimia 70, kutoka kwenye shingo kuelekea nchani, kabla na baada. Usichemshe. Maji yanayochemka yanaweza kupinda plastiki na kuharibu vilivyomo ndani, na kifaa kinaweza kuendelea kuwaka na kuonyesha namba kana kwamba hakuna kilichotokea.